Fundi Zunilda na Vishikwambi Vilivyotelekezwa

Saa tatu na nusu asubuhi, na Zunilda Ocariz ameshagombana na watu wawili.

Wa kwanza ni mteja aliyemletea simu ya miaka sita, akitaka itolewe betri ili iliyobaki akaiuze kwa kilo. Zunilda ameikumbatia simu kifuani, anaogopa kunyang'anywa.

"Haijafa hii," anamwambia. "Imetelekezwa. Kampuni imeacha kuihudumia, basi na wewe unaitupa? Kaa hapo. Nusu saa tu."

Mteja anakaa. Angefanya nini?

Wa pili ni Derlis Ortigoza, fundi mwenzake mwenye kibanda mitaa miwili kutoka hapa, ambaye kila asubuhi hufunga kazi kwa saa nzima ili aje kubishana naye. Derlis ana miaka ishirini na tisa, amesoma chuo cha ufundi, na ana kasoro moja inayojulikana mji mzima wa Itauguá: akishika kikombe cha tereré, kinywaji cha majani na maji ya barafu kinachonywewa kwa zamu kwa mrija mmoja, hakiachii.

"Derlis, hicho si maikrofoni," anasema Don Aparicio, muuza majani ya dawa, ambaye ndiye mwenye jagi la maji ya barafu na ndiye anayemimina. "Vuta mrija, rudisha kikombe. Wenzako wana kiu."

"Namalizia hoja, Don."

"Hoja yako ilianza mwaka juzi!"

Kibaraza kizima kinacheka, mpaka mteja wa simu ya kilo.

Kwenye vibaraza vingine vya hapa Itauguá, kando ya barabara kuu ya Ruta 2, saa hii watu wanabishana mpira. Kwa Zunilda wanabishana mifumo huria, yaani ile mifumo ya kuendeshea simu na vishikwambi inayoandikwa na watu wa kujitolea, ikatolewa bure, na mtu yeyote akaruhusiwa kuifungua ndani na kuigeuza apendavyo. Kwamba ni kitu kizuri, hapo hawagombani. Wanagombania mahali pake. Derlis anasema mfumo huria ni wa simu. Zunilda anasema kishikwambi nacho kina haki yake.

"Anayeandika mfumo anaandikia kitu kilicho mfukoni mwake," anasema Derlis, kikombe bado mkononi. "Na mfukoni kuna simu. Ikiharibika leo, kesho watu mia wamelalamika, keshokutwa imerekebishwa. Kishikwambi kiko kabatini. Nani ataamka alfajiri kwa ajili ya kishikwambi?"

"Na kwa sababu kimekaa kabatini ndiyo maana ni kizima," anajibu Zunilda, huku anachomeka waya kwenye ile simu. "Simu inatumbukia chooni, inakaliwa kwenye basi, inatafunwa na mtoto. Kishikwambi kina kioo kikubwa, kina betri kubwa, na bado kina miaka kumi mbele yake. Unakitupa kwa sababu ya mfumo? Hiyo ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama."

"Maneno matamu hayo. Kamera yake je?"

"Rudisha kikombe, Derlis."

Ukiwasikiliza kwa mara ya kwanza utadhani wanapitisha wakati tu. Nami nilidhani hivyo. Lakini miezi mitatu iliyopita ubishi huuhuu ulikaribia kuwaondolea kazi wanawake tisa wazee wa mji huu, na namna Zunilda alivyosimama siku ile ndiyo iliyonifanya niandike habari zake.

Ana miaka arobaini na sita, mfupi, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Kwa heshima ya huku anaitwa Ña Zunilda, ingawa mwenyewe anasema jina hilo linamzeesha. Amezaliwa hapahapa, kwa mama aliyefuma ñandutí maisha yake yote, lesi yetu ile ya miduara yenye miale ya nyuzi, ambayo msichana wa Itauguá akishindwa kuifuma huonekana amekosa adabu. Zunilda alishindwa.

"Mama aliniambia nina mikono ya kuku," anasimulia. "Nikamwambia, mama, kuku hana mikono. Akasema, ndiyo maana yangu."

Kwa hiyo aliuza chipa. Kwa miaka kumi na moja alipanda na kushuka mabasi ya Ruta 2, kapu ubavuni, akinadi mikate ile ya jibini na wanga ikiwa bado na moto wa tanuri. Siku moja simu yake ikagoma kuingiza chaji. Fundi mmoja wa mji mkuu, Asunción, akala guaraní laki moja na elfu themanini na kumrudishia simu ikiwa na hali mbaya zaidi. Zunilda alikasirika mno. Alikwenda nyumbani, akaweka simu juu ya meza ya jikoni, akaifungua kwa kibano cha kung'olea nyusi.

"Unajua nilikuta nini kwenye tundu la chaji? Chipa! Kipande cha chipa yangu mwenyewe, kimekauka. Laki moja na themanini!"

Siku hiyo, anasema, ndipo alipoacha kuwaogopa mafundi. Akaanza kuwafungulia majirani simu zao, kwanza bure, kisha kwa kilo ya sukari, kisha kwa pesa. Sasa chumba cha mbele cha nyumba yake ni karakana. Siku njema inaleta kama guaraní laki moja na nusu. Siku mbaya, kwa maneno yake, inaleta maneno tu. Hana cheti chochote. Kiingereza anakisoma neno moja moja, kamusi ikiwa magotini, na anayoyapata anayaandika kwa Kiguarani kwenye daftari za shule.

Vishikwambi vilikuja kwa njia nyingine kabisa. Miaka saba iliyopita taasisi moja ilikifikia chama cha wafuma lesi, wanawake thelathini na mmoja, ikawagawia vishikwambi ishirini na sita, ikapiga picha, ikaondoka. Walitakiwa wavitumie kuuza lesi mtandaoni. Haikuuzwa hata kitambaa cha kufunikia jagi. Vishikwambi vikawekwa kabatini, kama Derlis asemavyo.

Aliyevitoa ni Ña Eustacia Riquelme, mfumaji ambaye mwaka huu amefikisha miaka sabini na mitatu. Kufuma ñandutí kunaanza na mchoro: kitambaa chembamba kinavutwa juu ya fremu ya mbao, mduara unachorwa kwa penseli, ndipo sindano ifuate. Ña Eustacia mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Sindano bado ilimtii, maana sindano ina uzi wa kuishikilia, lakini penseli ilimkimbia. Miduara ikawa mayai. Alikuwa amekwisha waambia wanawe kwamba basi, imetosha.

"Siku hiyo nilikuwa natazama picha ya lesi ya marehemu dada yangu kwenye kile kishikwambi," ananieleza. "Nikakilaza mezani, nikaweka fremu juu yake bila kufikiri. Loo! Ua la mpera likapenya kitambaani, lote, kila mwale mahali pake. Nikakaa chini. Nikaanza kushona palepale. Sikula mchana."

Kabla mwezi haujaisha, wazee wote wa chama walikuwa wanafuma kwa mwanga wa chini. Wakapiga picha kila lesi ya kale waliyoipata, za mama zao, za bibi zao, ua la mpera, kichuguu, jasmini, hadi michoro ikafika mia tatu na kumi na miwili.

Lakini vishikwambi vilizeeka vibaya. Mfumo wa kiwandani ulikuwa umenenepa kwa programu ambazo hakuna aliyeziomba na hakuna aliyeruhusiwa kuzifuta. Kukiwasha kimoja ilikuwa robo saa. Mchoro ukifunguka, kioo kinazimika kila baada ya dakika kumi. Fremu ikisogezwa kidogo, mchoro wenyewe unageuka, ua linalala ubavu, na mfumaji anapoteza hesabu ya nyuzi. Kampuni iliyovitengeneza ilishavisahau siku nyingi.

Ndipo mweka hazina, Ña Hermelinda Vallejos, alipopata mnunuzi wa vyuma chakavu: guaraní elfu sitini kwa kila kimoja. Pendekezo lake lilikuwa viuzwe vyote, chama kiongezee, zinunuliwe simu zilizotumika. Mkutano mkuu ungeamua Jumamosi. Na mtaalamu aliyeombwa ushauri, unadhani nani? Derlis.

Tuwe waungwana, Derlis hakuwa na ubaya. Kwa simu, wafumaji wangepiga picha nzuri, wangeongea na wateja, na yeye angewawekea mfumo huria unaojulikana, wenye watu wengi nyuma yake. Yote kweli. Ila kioo cha simu ni kidogo kuliko kisahani cha kahawa, na mduara wa ñandutí haukai humo. Wasichana wangerudi kwenye penseli bila shida. Ña Eustacia na wenzake wanane wangerudi wapi?

"Wakiviuza, mimi nimeshafuma ya mwisho," alimwambia Zunilda. Alisema bila kulia, anasema Zunilda, na hilo ndilo lililomuuma.

"Nipeni hadi Jumamosi," Zunilda akawajibu. "Nitavitoa mfumo wa kiwandani na kuviwekea mfumo huria. Vitakimbia."

Ña Eustacia akamwachia kishikwambi chake mwenyewe kiwe cha kwanza.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la Itauguá hasa. Vishikwambi vile vilitengenezwa kwa aina mbili zinazofanana kwa sura, moja ina nafasi ya laini ya simu, nyingine haina. Tofauti ni herufi moja ndogo nyuma, na ile nafasi ya laini ilikuwa imezibwa na kifuniko kilekile katika zote mbili. Ukiweka mfumo wa aina hii kwenye aina ile, kinakufa. Zunilda alijua. Lakini herufi haikuwepo. Lesi ikishafumwa hufuliwa na kupigwa kanji ya muhogo ili isimame, na miaka ya vidole vyenye kanji ilikuwa imekula maandishi yote ya mgongoni, safi, kana kwamba hayakuwahi kuandikwa.

"Nikabahatisha," anasema Zunilda. Anatazama pembeni. "Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha Derlis. Nikabahatisha kwa mali ya mtu."

Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza, akachomeka, akabonyeza. Kimya. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Asubuhi yake watu walipokaa kibarazani, kishikwambi kilikuwa kimelala mezani na kila mtu alishaona. Don Aparicio akamimina, akampa Zunilda kikombe. Zunilda akavuta mrija mpaka ukalia, akakirudisha, akasema, "Asante."

Huku kwetu neno hilo halisemwi ovyo kwenye tereré. Ukisema asante umetoka, kikombe hakikurudii. Na Zunilda hajawahi kutoka raundi ya kwanza tangu kibaraza hicho kianze.

Don Aparicio akawapitishia wengine. Zamu ilipofika, akamimina tena na kumnyooshea Zunilda.

"Nimeshasema asante, Don."

"Sijasikia. Nina masikio ya uzee."

"Don Aparicio..."

"Kunywa, mwanangu! Barafu inayeyuka."

Akanywa. Ameniambia kwamba alikunywa na machozi yakimtoka, na kwamba maji yalikuwa na mnanaa mwingi kupita kiasi. Don Aparicio anakana habari ya mnanaa.

Mchana Derlis alirudi peke yake, mkononi ana waya mfupi uliochunwa ncha zote mbili.

"Usifikiri nimekubali hoja yako," alisema mlangoni.

"Sijafikiri chochote. Unataka nini?"

"Kuna nukta mbili kwenye ubao wa ndani. Ukizigusanisha wakati wa kuchomeka, kinaamka hata kama mfumo umekufa. Tulifundishwa chuoni, sijawahi kujaribu. Mkono wako hautetemeki?"

"Nilifungua simu kwa kibano cha nyusi, wewe!"

Walijaribu kwa saa nne nzima. Zunilda alishika waya, Derlis alibonyeza kompyuta, wakakosana mara kadhaa, mara moja Derlis akaenda hadi getini akarudi. Saa kumi na moja jioni kioo kikapepesa. Na kwa kuwa mgongo ulikuwa wazi, waliona kitu ambacho Zunilda hakuwa amekitafuta: herufi ileile, imechapwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa ndani, mahali ambapo kanji haifiki.

Ijumaa walifungua vyote. Kumi na saba vilikuwa vya aina moja, tisa vya aina nyingine. Kila kimoja kikapata mfumo wake, na hakuna kilichokufa.

Lakini furaha ilikuwa nusu. Cha Ña Eustacia kiliwaka kwa nusu dakika, kikafungua mchoro papo hapo, ndiyo. Ila kamera ilikuwa haioni kitu. Sauti ilitoka upande mmoja. Na kioo, hata ukigeuza kishikwambi vipi, picha ilibaki palepale ilipo.

"Unaona?" Derlis alisema. Hakuwa akimsimanga, anasisitiza Zunilda, alisema kwa huruma. "Ndilo nililokuwa nasema. Kwenye simu vyote vingefanya kazi. Huyu ni mgonjwa."

Zunilda alikigeuza tena kishikwambi, picha haikusogea.

Ña Eustacia alikuwa amekuja na fremu yake chini ya kwapa. Alichukua kishikwambi, akakilaza, akaweka fremu juu, akatia uzi sindanoni baada ya kujaribu mara tatu. Akafuma. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Akasogeza fremu kulia. Akaisogeza kushoto. Akainua kichwa.

"Hakizimiki?"

"Nimekiambia kisizimike, Ña Eustacia. Mfumo huu unasikia ukiambiwa."

"Na ua haligeuki."

"Hapo ndipo penye tatizo, kigeuzio chake hakifanyi..."

"Tatizo gani, mtoto wewe? Miaka yote hii naliombea lisigeuke!"

"Lakini kamera..." Derlis alianza.

"Kamera ya nini? Nizipige picha nyuzi?"

Derlis aliinama juu ya fremu, macho yamemtoka. Zunilda ananihadithia sehemu hii amesimama, anaigiza uso wa Derlis, na Derlis mwenyewe akiwa amekaa hapo anakubali kwamba ulikuwa hivyohivyo. Wote wawili walikuwa wamebishana miaka miwili juu ya kifaa kipi kinaweza mambo mengi zaidi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mfumaji anataka mambo mangapi. Alitaka mwanga usiozimika na ua lisilogeuka, basi.

Jumamosi ukumbi wa chama ulijaa. Wanachama ishirini na tisa walihudhuria. Ña Eustacia alipitisha kishikwambi chake mikononi mwa kila mmoja, na upepo ulionekana kugeuka. Ndipo Ña Hermelinda aliposimama. Ni mwanamke makini, alitunza fedha za chama miaka mitano bila senti kupotea, na swali lake lilikuwa la haki.

"Leo vinakimbia, nimeona. Hata vile vya kiwandani vilikimbia siku ya kwanza. Derlis, wewe ulitushauri simu, na wewe umesaidia kutengeneza hivi. Tuambie ukweli. Mwakani mfumo huu ukichoka, nani atautengeneza?"

Derlis angeweza kupindisha. Zunilda alimtazama, na anakiri kwamba moyoni alimwomba apindishe.

"Hakuna mtu, Ña Hermelinda," alisema Derlis. "Kila kifaa kwenye mfumo huria kina mtu anayekitunza, anayekitolea toleo jipya. Simu nilizowaambia zina watu kumi, ishirini. Kishikwambi hiki kilikuwa na mmoja, sijui hata anaishi nchi gani. Aliiacha kazi hiyo miaka miwili iliyopita. Kwenye orodha imeandikwa kwamba nafasi yake iko wazi."

Minong'ono ikaanza. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa nje, gari limewashwa. Ña Eustacia alikuwa amekishika kishikwambi kwa mikono miwili na hakumtazama mtu.

Zunilda akasimama.

"Nitavitunza mimi."

"Unajua kuandika hiyo mifumo?" Ña Hermelinda aliuliza.

"Sijui."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Sijui, Ña Hermelinda. Simu nazo sikujua. Ninachojua ni kwamba nafasi iko wazi, na hawakuandika kwamba lazima mtu awe na cheti, au awe mwanamume, au awe wa ng'ambo. Wameandika tu kwamba iko wazi. Nipeni mwaka. Nikishindwa, viuzeni, na hizo elfu sitini za kila kimoja nitazilipa mimi."

Nimekaa katika mikutano mingi ya watu wakubwa kuliko hawa, nikasikia ahadi nyingi zilizopambwa vizuri zaidi. Sijasikia iliyonigusa namna ile. Mwanamke anayeanza siku bila kujua kama atapata ya mkate alisimama mbele ya mji mzima akaahidi jambo asilolijua, kwa ajili ya ua la mtu mwingine.

Kura zilikuwa kumi na nane kwa kumi na moja. Gari la vyuma chakavu likaondoka tupu. Ña Hermelinda, aliyepiga kura ya kuuza, ndiye aliyekuja Jumatatu na daftari tatu mpya na kamusi ya bintiye.

Leo ni mwezi wa tatu tangu ahadi ile. Kompyuta ya Zunilda, aliyoiunga kutoka kwa tatu zilizokufa, inachukua saa kumi na moja kukusanya mfumo mmoja, yaani kuugeuza kutoka maandishi hadi kitu cha kuwashwa, na feni yake inalia hadi majirani wanauliza kama anasaga mahindi. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ilikataa. Anazo zote kwenye daftari, kumi na nne zilizokataa, kila moja na sababu yake, na pale asipoijua sababu ameandika "sijui bado". Ya kumi na tano ilikubali wiki mbili zilizopita. Kishikwambi cha majaribio kiliwaka.

"Kikawaka, bubu kabisa," anacheka. "Kabla ya hapo kilikuwa na sauti upande mmoja. Mimi nikauua na huo mmoja!"

Derlis humsaidia kila Jumanne, na bado anasema simu. Kibandani kwake anaendelea kuweka mifumo huria kwenye simu, anafanya vizuri, na Zunilda humpelekea wateja. Nilipomuuliza Derlis kama Zunilda ataweza, alishika kikombe kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na Don Aparicio kwa huruma akamwacha.

"Mimi nilisoma miaka mitatu," alisema mwishowe. "Nilichofundishwa mwaka mzima, amekipata kwa wiki sita, kwa kamusi ya mtoto wa shule. Naona aibu kidogo, ukitaka kujua. Aibu nzuri."

Mpango wa Zunilda ni kutoa toleo lake la kwanza kabla mwaka haujaisha, sauti ikiwa pande zote mbili, na jina lake likiwa kwenye ile orodha. Kamera anaiacha mwisho kabisa, na kigeuzio ameapa hatakigusa hadi wafumaji waulizwe kwanza. Zaidi ya hapo anataka kumfundisha mtu mmoja wa chama, yeyote mwenye subira, ili yeye mwenyewe akifa nafasi isibaki wazi tena.

Simu ya yule mteja imeshamalizika. Imewaka, nyepesi, na mwenyewe anaigeuzageuza mkononi. Analipa guaraní elfu arobaini na kwenda zake bila kutaja tena habari ya kilo. Zunilda anavuta kiti hadi kwenye kompyuta kuangalia ukurasa wa wale watu wa kujitolea, kama afanyavyo kila siku, ingawa kwa kawaida hakuna la kwake humo.

Leo lipo. Mwalimu mmoja wa Tarija, Bolivia, ameandika kwa Kihispania. Shule yake ina vishikwambi arobaini vya aina hiihii, vimegoma, mkuu wa shule anataka vitupwe. Anauliza tu kama kuna mtu yeyote, popote, ambaye bado anavishughulikia.

Zunilda anausoma ujumbe mara mbili. Anafuta miwani kwa pindo la aproni. Don Aparicio amesimamisha jagi hewani. Zunilda anaandika kwa vidole viwili, polepole, kisha anatusomea kabla ya kutuma:

"Yupo. Naitwa Zunilda, niko Itauguá. Msivitupe. Sauti bado haijatoka, lakini naitafuta."